UZI: Tunasoma lishe huku tunapiga pasi ndefu. Maisha ya chuo Dodoma, njooni mchukue

#1 Binti wa Makulu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Dirisha la udahili likikaribia kufunguliwa, simu yangu hujaa swali moja: "Dada, eti lishe ina ajira?" Mwenzangu ninayekaa naye huulizwa lilelile kuhusu uongozi wa huduma za afya. Tumechoka kumjibu mmoja mmoja, nikaona nishushe uzi. Nitaandika kwa vipande, maana natumia simu na kesho nina kipindi saa moja asubuhi.

Mimi nipo mwaka wa tatu, lishe, chuo kimoja hapa Dodoma (msinibane kipi). Tumepanga chumba Makulu, wawili. Mwenzangu nitamwita Alizeti kwa sababu kwao ni Singida, na kila akitoka likizo anarudi na dumu la mafuta ya alizeti la lita tano. Yeye anasoma usimamizi wa huduma za afya. Chumba kimoja, magodoro mawili, kozi mbili ambazo mtaani wanadhani moja ni ya upishi na nyingine ni ya ukarani.

Naanza na aibu yangu.

Mwaka wa kwanza tulipoanza somo la tathmini ya hali ya lishe, mwalimu alitwambia kila mtu aandike alichotia mdomoni kwa saa 24 zilizopita, bila jina, na vipimo vyake: kikombe, kijiko, upawa, kiganja. Tukakusanya karatasi. Akachomoa moja akaanza kuisoma mbele ya darasa. "Saa nne asubuhi, maandazi mawili, chai ya rangi kikombe kimoja, sukari vijiko vitatu. Saa kumi na mbili jioni, wali maharage sahani moja. Saa nne usiku, karanga za shilingi mia mbili." Akaigeuza karatasi kutafuta upande wa pili. Hamna kitu. "Jamani, huyu mtu bado yu hai?"

Darasa zima likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, tena kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu karatasi ilikuwa yangu.

Baadaye tulifundishwa kuhesabu. Gramu moja ya wanga kalori 4, protini 4, mafuta 9. Nikajipigia hesabu usiku chini ya shuka kwa tochi ya simu. Sikufika kalori 1,300. Tunda hakuna. Mboga ya majani hakuna. Huyu ndiye mtu anayeandaliwa kwenda kuwafundisha Watanzania kula.

Kwa wasiopita chuo: pasi ndefu ni pale unapoisukuma chai ya asubuhi mpaka saa nne au tano, halafu unautafuta mlo wa jioni moja kwa moja. Mchana unaurukia juu kama mpira. Kila mtu anapiga, hata wa udaktari.

Naendelea chini.

#2 Kimbweta Namba Nne

Nimeshakaa mkao wa kula. Samahani, mkao wa kutokula.

#3 Msukuma wa Mkonze

Karanga za mia mbili usiku wa saa nne, hiyo nimeifanya miaka mitatu pale mjini. Leo nina kitambi na bado nikiziona karanga nasikia harufu ya mtihani.

#4 Mwenye Swali

Dada si mnapata bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu? Elfu kumi kwa siku hata mimi mwenye familia sili hiyo.

#5 Binti wa Makulu

Kaka Mwenye Swali, swali zuri na linaniuma. Ni kweli, tangu mwaka wa masomo 2022/23 bumu limepanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kwa wenye mkopo. Kwenye karatasi inatosha kabisa. Wali maharage hapa mtaani kwetu ni 1,500, ukitaka na mchicha 2,000.

Shida ni kwamba haliji kwa siku, linakuja kwa mpigo, na hiyo elfu kumi ni ya chakula pamoja na malazi. Sasa likishaingia tu, simu ya nyumbani inalia kabla hata ujumbe wa benki haujafutika. Mdogo wangu yupo kidato cha pili na mama hajui neno bajeti, anajua neno "mwanangu". Ondoa hiyo, ondoa kodi ya chumba, madesa, bando. Wiki mbili za mwanzo tunakula kuku wa mnadani siku ya Jumamosi na kupiga picha. Baada ya hapo unamjua Mungu. Alizeti hana mkopo kabisa, anategemea kaka yake aliyeko shambani, kwa hiyo msimu mbaya wa alizeti kule kwao tunausikia kwenye sufuria yetu.

Halafu kuna jiko. Tunapikia koili ya umeme, mita ya LUKU tunachangia vyumba vinne, na mama mwenye nyumba ana sikio la popo. Koili ikigusa ukutani ikatoa ule mlio wake, anabisha hodi: "Wanangu, maharage tena?" Maharage yanakula umeme, ndiyo maana wengi wanaishia kwenye zege. Chipsi mayai ukiagiza iko tayari dakika kumi na umeme ni wa muuzaji. Mtu asiseme wanafunzi hawajui maharage ni bora. Wanajua. Wamepiga hesabu ya LUKU.

Tukio lililonibadilisha ni la mwaka wa pili. Maabara tulipimana wingi wa damu sisi kwa sisi, unatoboa kidole cha mwenzako. Yangu ikasoma 10.6. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa angalau 12. Sikuwa peke yangu, nchi hii zaidi ya wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa kuzaa wana upungufu wa damu, ila takwimu ukiisoma kwenye slaidi na ukiiona kwenye tone lako ni vitu viwili tofauti. Mwalimu wa maabara hakunihubiria. Aliniuliza tu: "Chai unakunywa saa ngapi?" Nikamwambia, pamoja na chakula, nani hanywi chai na chakula? Akaniambia majani ya chai yanayakamata madini ya chuma ya maharage kabla tumbo halijayafyonza. Nasomea kitu hiki! Nilikifanyia mtihani nikapata B!

Nikahamisha chai ikawa saa mbili baada ya kula. Na kwenye maharage nikaanza kushushia ubuyu, siyo ule wa rangi nyekundu wenye sukari, ule mweupe unga wake. Una vitamini C nyingi na hiyo ndiyo inayousaidia mwili kuchukua chuma. Hapa Dodoma mibuyu imejaa, mfuko wa mia tano unakaa wiki. Zahanati pia walinipa vidonge, nisiwadanganye kuwa ni ubuyu peke yake. Lakini niliporudi kupima ilikuwa 12.2 na nilimwonyesha kila mtu, mpaka kondakta.

#6 Chuma Chakavu

Yaani mtu anakwenda chuo kikuu miaka mitatu kujifunza KULA. Bibi yangu amefika miaka tisini hajui vitamini ni mdudu gani. Wazazi pelekeni watoto wakasome uhandisi.

#7 Mgogo Halisi

Mbukwenyi wanajamvi.

Chuma Chakavu, bibi yako alijua, hakuita vitamini tu. Mimi kwetu Bahi. Bibi yangu alikuwa akitusimulia Mtunya, njaa ya mwishoni mwa vita ya kwanza ya dunia na baada yake, wazungu walipochukua ng'ombe na nafaka kwa ajili ya jeshi halafu mvua nayo ikagoma. Mama yake alipona kwa kujua jani gani la porini linaliwa, lipi linachemshwa mara mbili maji yakamwagwa, na mzizi gani unachimbwa mwezi gani. Hicho ni chuo. Sasa wewe mjukuu orodha yote umeisahau, halafu unamcheka anayeikusanya upya.

#8 Chuma Chakavu

Mzee nimekuelewa ila bado uhandisi.

#9 Binti wa Makulu

Mzee Mbukwa! Umenirahisishia, maana nilikuwa nataka kuja kwenye mlenda.

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Mwaka jana tulipangwa kwenye zahanati moja nje ya jiji, sitaitaja. Kwa bahati Alizeti naye chuo chao kilimpeleka kata hiyohiyo. Mimi kazi yangu siku ya kliniki ilikuwa kupima watoto, yeye alipewa vitabu vya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) avijumlishe kwa ajili ya ripoti ya mwezi. Nikamwonea huruma. Mimi nashika watoto, yeye anashika rula.

Kwa msiojua, tunapima hivi. Mkono wa kushoto wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko, unauzungushia utepe wenye rangi. Ikisoma sentimita 12.5 kwenda juu ni kijani. Kati ya 11.5 na hapo ni njano. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na mtoto huyo hutakiwi kumwacha aondoke. Mzani ni ule wa kuning'inia, mtoto anavalishwa kama kaptula, anatundikwa kwenye boriti, anaanza kupiga mateke na mshale unacheza kama wa spidi ya bodaboda. Urefu: chini ya miaka miwili analazwa kwenye ubao, mmoja ashike kichwa, mwingine anyooshe magoti. Mtoto analia, mama anakutazama kama unamnyonga.

Siku ya tatu jioni Alizeti ananiletea kitabu cha kliniki nyuma ya jengo. "Hebu angalia safu hii." Uzito: 9.0, 8.5, 9.0, 10.0, 7.5, 9.0, 8.0. Ukurasa unaofuata hivyohivyo. Miezi mitatu nyuma hivyohivyo. "Mzani wenu una alama za gramu mia mia," akasema. "Mbona katika watoto mia mbili hakuna hata mmoja mwenye 8.3?"

Nilikuwa nimekiangalia kitabu hicho siku tatu. Nilikuwa natafuta watoto wenye uzito pungufu. Sikuwahi kuiangalia tarakimu ya mwisho.

Hakukuwa na mtu mwovu hapo. Nesi ni mmoja, kina mama siku ile walikuwa zaidi ya sitini, chanjo yeye, wajawazito yeye, mzani yeye. Mshale ukicheza anakadiria kwenye nusu iliyo karibu. Sasa mtoto ambaye mwezi uliopita alikuwa 8.3 akaandikwa 8.5, na mwezi huu kapungua hadi 8.2 akaandikwa 8.0, au kaongezeka hadi 8.6 akaandikwa tena 8.5, utajuaje anakua au anaisha? Hujui. Na namba hizo ndizo zinazopanda juu, wilaya, mkoa, wizara, mpaka mtu anasimama kwenye ukumbi wenye kiyoyozi anaonyesha grafu.

Alizeti hakuhubiri. Alikaa na mganga mfawidhi wakachora siku mbili za kliniki badala ya moja kwa kugawa vitongoji, akamwomba mhudumu wa afya ngazi ya jamii asimamie mzani ili nesi abaki na sindano. Senti tano haikutumika. Wiki iliyofuata kitabu kilikuwa na 8.3, 7.9, 9.4. Nikaona wivu jamani, nitasema nini.

Na siku hizo ndipo tulipokutana na mtoto wa njano. Miezi 14. Mama yake nikamkalisha kwenye benchi nikamshushia somo langu: maziwa, mayai, samaki, matunda, mlo wenye makundi yote sita. (Waliosoma zamani wanakumbuka makundi matano, mwongozo mpya wa 2023 ni sita.) Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Halafu akasema, "Nimekuelewa mwanangu. Sasa hao kuku wangu nikila mayai yao, chumvi na sabuni nitanunua na nini?"

Nikafungua kipeperushi. Kipeperushi hakikuwa na hilo swali.

Kesho yake nikaenda kwake, bila kipeperushi. Anapika mlenda uliokaushwa, kama watu wa huku wote, na ugali wa uwele. Jikoni nikamwona anatia magadi, kipande kama kidole gumba, ili mlenda uvutike na uive upesi, kuni zenyewe za kutafuta. Majani yenyewe yalianikwa juu ya jiwe, jua la Dodoma la saa saba linayapiga moja kwa moja. Vyote viwili vinaua vitamini. Kumbe chakula kilikuwapo, kinapotea njiani. Tukakubaliana mambo mawili tu: majani aanike kivulini, na magadi apunguze yawe kama kucha. Karanga anazo, nikamwambia azitwange atie kwenye uji wa mtoto na kwenye mlenda. Mayai auze, ila kwa wiki mawili yawe ya mtoto. "Mawili sawa," akasema, "ulivyosema kila siku nilijua wewe hujawahi kufuga."

#10 Kimbweta Namba Nne

"Ulivyosema kila siku nilijua wewe hujawahi kufuga" 😂😂 Huyo mama apewe shahada ya uzamili.

#11 Mkulima wa Kibaigwa

Dada uzi mzuri lakini ngoja nikukwaze kidogo. Umemwambia atwange karanga. Umeziona karanga zenyewe? Zilikaa wapi?

2016 hapa mkoani kwetu na jirani zetu Manyara watu walikufa kwa sumukuvu. Nafaka za nyumbani, siyo za kuletwa. Karanga na mahindi ndivyo vinavyoongoza kupata hiyo kuvu, na sumu yake ukipika haitoki. Sisi wa sokoni Kibaigwa tumefundishwa kwa shida: anika juu ya turubai siyo chini, chambua zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye ukungu, usihifadhi mbichi. Na zile mbovu mnazochambua ndizo watu wanazitwanga, kwa kuwa haziuziki. Anatwangiwa nani? Mtoto.

#12 Binti wa Makulu

Hapa nimepigwa. Naandika ukweli: sikuuliza zimehifadhiwa wapi. Nilifurahi kusikia anazo, basi. Na sumukuvu tumeisoma, tena muhula mzima, kwenye mikrobiolojia ya chakula, ila darasani inakaa kwenye somo lake na uji wa mtoto unakaa kwenye somo lake.

Nimemsomea Alizeti ujumbe wako. Hajajibu, ameniangalia tu kwa jicho lile la 8.3.

Kata ile nina namba ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kesho asubuhi nampigia. Asante sana mzee wangu.

#13 Mkulima wa Kibaigwa

Mwambie akatazame zile za chini ya gunia, siyo za juu.

#14 Mezani kwa Katibu

Naomba nichangie upande wa Alizeti maana naona anasifiwa bila kuelezwa anakwenda kufanya nini.

Mimi ni Katibu wa Afya, hospitali ya halmashauri, sitaji wapi. Nilisoma Mzumbe, kozi yetu iko pale siku nyingi. Watu wakisikia "Katibu" wanadhani nachapa barua. Jana yangu ilikuwa hivi. Saa mbili, jokofu la mochwari limezima na kuna miili mitatu na ndugu wako getini. Saa nne, dereva wa gari la wagonjwa anadai mafuta na kadi imeisha salio. Saa tano, mzee kaja na barua ya mtendaji anaomba msamaha wa matibabu, lazima ofisi ya ustawi wa jamii ihusishwe. Mchana, kikao cha dawa: Bohari ya Dawa wameleta sehemu tu ya tulichoomba, tunanunua wapi kilichobaki na kwa utaratibu gani. Jioni, manesi wawili wanagombania likizo ya mwezi mmoja. Kutibu, sijamtibu mtu. Ila ukinitoa hapo siku mbili utaona kama kuna atakayetibiwa.

Sasa lishe inaingiaje. Halmashauri zimeelekezwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa mwaka. Kutenga ni kuandika. Kutoa ni jambo jingine, kunategemea makusanyo, na kunategemea nani anakumbusha na anakumbusha kwa lugha gani. Nimemwona Afisa Lishe mmoja mzuri sana, anajua kila kitu cha mtoto, lakini andiko lake la fedha lilikuwa ukurasa mmoja wa huruma. Likarudi. Mwaka uliofuata tulikaa pamoja tukaandika: watoto wangapi, mizani mingapi mibovu, lita ngapi za mafuta kufika vitongoji vingapi, mwezi upi. Likapita, siyo lote, zaidi ya nusu. Yeye hakuwa amebadilika, karatasi ndiyo ilibadilika.

Na kazi inakuja. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa hapahapa Dodoma Novemba 2023. Hata ile CHF (mfuko wa afya ya jamii) iliyoboreshwa tu, ya 30,000 kwa kaya ya watu sita, ilitutoa jasho vijijini kwenye kuandikisha na kudai malipo.

#15 Mwenye Swali

Katibu heshima yako. Sasa AJIRA. Mnazunguka tu wote.

#16 Mezani kwa Katibu

Ajira serikalini zipo kwa vipindi, hazipo kila siku, na anayekuambia zipo kila siku anakuuzia fomu. Majina ya kutafuta kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, ni Afisa Lishe Daraja la II na Katibu wa Afya Daraja la II. Kuna usaili uliofanyika hapa Dodoma, ukawa unakutana na watu waliolala stendi ya Nane Nane wakitoka Kagera na Mtwara kugombea nafasi chache. Wengine wanaanza kwa kujitolea, wengine mashirika, wengine hospitali binafsi. Nilikaa mtaani miaka miwili na nusu. Niliuza vocha.

#17 Msukuma wa Mkonze

Hii ya vocha ndiyo mwongozo wa udahili unaotakiwa kuchapishwa.

#18 Chuma Chakavu

Wahandisi wenzangu naomba msitoe maoni hapa kuhusu vocha.

#19 Mtoto wa Biokemia

Dada mleta uzi usiwafiche watoto wa watu kuhusu BIOKEMIA. Darasa letu mwaka wa kwanza wenye sapu (mtihani wa marudio) walikuwa wengi kuliko waliopita. Nilikuwa naamka saa tisa usiku kwenda kimbweta (benchi la nje la kusomea) na blanketi, Julai ile, upepo wa Dodoma unakuingia mpaka kwenye meno, nakariri mzunguko wa Krebs kama aya. Wenzetu wawili walidisko, yaani waliondolewa chuo. Watu wanakuja wakidhani watajifunza saladi.

#20 Binti wa Makulu

Sijaficha mdogo wangu, nilikuwa bado na majeraha. Mimi mwenyewe sapu ya biokemia ninayo kwenye historia. Na takwimu. Alizeti wao kilichowamaliza ni uhasibu, watu wenye kombi za sayansi hawajawahi kuona debiti. Tulifanya mabadilishano humu ndani, mimi namfundisha epidemiolojia, yeye ananionyesha mizania. Ndipo nilipojua mizania siyo mzani.

Kuhusu swali la Chuma Chakavu la "kujifunza kula", nimeliacha makusudi lipoe. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Na mikoa iliyo juu kabisa ni Iringa, Njombe na Rukwa, ambako mahindi yanarundikwa barabarani hadi yanakosa mnunuzi. Siyo njaa ile unayoijua. Ghala limejaa na mtoto amedumaa kwenye kivuli cha ghala. Ungekuwa ni ufundi wa kula tu, bibi zetu wangeshamaliza.

#21 Chuma Chakavu

Hii ya Iringa sikuijua. Mke wangu ni wa huko. Narudi.

#22 Mama wa Wawili

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye foleni. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, kombi CBG (kemia, baiolojia, jiografia), anataka lishe na baba yake hataki. Nimempa baba yake simu asome ile ya tarakimu ya mwisho, amenyamaza, kunyamaza kwake ni hatua kubwa. Nauliza: hiyo kombi inakubalika? Na akija huko Dodoma aje na nini? Wengine wameniambia godoro, wengine blanketi.

#23 Binti wa Makulu

Shikamoo mama. Pole na foleni.

Kombi zenye kemia na baiolojia ndizo zinazoangaliwa, CBG, PCB, CBN. Lakini vigezo na alama hutofautiana kwa chuo na kwa mwaka, kwa hiyo afungue kitabu cha mwongozo cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) cha mwaka huu, asikopi kwa aliyeomba mwaka jana. Morogoro pia aangalie, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine) wana lishe. Na bima ya mwanafunzi alipe mapema, asingoje augue.

Blanketi ndiyo, zito, Juni na Julai huku siyo mchezo. Mafuta ya kupaka, vumbi linapasua midomo. Ndoo mbili zenye mifuniko, maji yana siku zake. Godoro atanunua huku, asihangaike nalo kwenye basi au treni.

Na sufuria moja yenye mfuniko unaobana kwelikweli, mama. Maharage ayaloweke usiku kucha, amwage maji, ayachemshe dakika kumi, afunike, azime koili, ayafunge na lile blanketi. Akitoka kipindi cha mchana yamekaribia kuiva, anamalizia kwa dakika ishirini. LUKU haishtuki na mama mwenye nyumba habishi hodi. Hii hatukufundishwa darasani, ni ya Alizeti.